Abiria Waliobaki Chalinze

Iko Jumamosi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kibaraza cha Bi Mwanaidi, Manzese, dadu mkononi, kadi nimezipanga vizuri kwenye mkeka, na hakuna mtu wa kucheza naye. Hata kuku alipita akanitazama, akaendelea na safari yake.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua mie ni kidato cha nne na wewe ni kidato cha kwanza, na tofauti yetu ni miaka mitatu na nywele tatu za kidevuni, ambazo nimezihesabu mwenyewe kwenye kioo cha bi mkubwa. Lakini mtihani wa taifa ukiisha naondoka, na kauntabuku hii uliyoishika inabaki kwako na wenzio. Anayerithisha mali ni mzee, hata kama bado anavaa kaptura ya shule. Kwa hiyo kaa chini. Sheria za mchezo zinaanza ukurasa wa tisa. Ukiziruka hizi kurasa nane za mwanzo ukakimbilia huko, haya, nenda, utarudi unalia.

Mchezo unaitwa Lori la Bara. Niliutunga nikiwa kidato cha pili. Mjomba wangu alikuwa utingo wa malori, na kila akirudi kutoka safari alikuwa na hadithi ambazo nusu yake ni uongo na nusu ni uongo mkubwa zaidi. Mimi nikachukua zile hadithi, nikachukua dadu la ludo, nikaviunganisha. Ukiangalia haraka utadhani ni ludo, lakini hapa hakuna ubao wala kete. Mmoja anakuwa Dereva, anasimulia: lori limeondoka njia panda ya Ubungo, mvua inanyesha, mbele kuna geti. Wengine ni abiria wa juu ya mzigo. Kila abiria anajitungia mtu wake, anamwandika kwenye kadi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni: jina, kazi yake, nguvu ngapi, ulimi kiasi gani, bahati kiasi gani. Dereva akisema kuna jambo, abiria anasema anafanya nini. Likiwa gumu, anarusha dadu. Basi. Mwisho wa safari ni Mwanza, mkifika mmeshinda wote, msipofika mmeshindwa wote.

Mwanangu, siku niliyoupata mchezo huo sikulala kwa furaha. Niliona nimegundua umeme, na hapo mgao ulikuwa umetukalia kooni.

Lakini mchezo wa namna hii huujui kama unachezeka mpaka watu waucheze. Nikatafuta wa kujaribu. Nikawapata watatu, wote wa darasa langu, na nataka uwajue kwa sababu bila wao ungekuwa umeshika kauntabuku tupu. Wa kwanza Side, anayekula kila kinachopita mbele yake na ulimi wake una kasi kuliko gari la zimamoto. Wa pili Ponsi, mtoto wa mchonga vinyago kutoka kusini, anayeweza kukaa saa nzima bila kusema neno, halafu akasema moja mkacheka wiki nzima. Wa tatu Khadija, wa hapo hapo Manzese, ambaye sikuwahi kumshinda kwa ubishi toka darasa la tatu.

Tulikuwa tunachezea kwa Bi Mwanaidi, fundi cherehani, kwa sababu kibaraza chake ni kipana na saruji yake haijabomoka. Sharti lake lilikuwa moja: tukiondoka tufagie, na vitambaa tulivyokuta chini tusitupe, tuvitie kwenye gunia lake.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa moto. Side akawa mpishi wa hotelini aliyefukuzwa kazi. Ponsi akawa mchonga vinyago (hakujisumbua kutunga mbali). Khadija akawa bi kizee mwenye sanduku.

"Ndani ya sanduku mna nini?" nikamuuliza.

"Hayakuhusu, Dereva. Endesha gari."

Tulipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Tukafika Chalinze, kwenye geti, askari wa geti akasema lori haliendi. Side akarusha dadu, akapata sita, akampa yule askari maneno matamu mpaka akafungua geti na kutuaga kwa kupunga kofia.

Sasa sikiliza kosa langu lilipoanza. Nikaona geti limefunguka kirahisi mno. Badala ya kuendelea na safari nikasema, "Simameni. Hii sheria ya ulimi ina kasoro. Wiki ijayo naleta mpya." Nikakusanya kadi, nikazichana, maana sheria mpya zinataka kadi mpya. Tukatawanyika.

Jumamosi ya pili tukaanza tena Ubungo. Kadi mpya, watu wapya, ila Khadija na bi kizee wake yuleyule. Tukafika Chalinze, geti likawa gumu, hakuna aliyepita. Nikachana kadi. Jumamosi ya tatu Ubungo, Chalinze, chana. Ya nne Ubungo, Chalinze, chana. Wenzangu wakisema kitu, nina jibu.

Ponsi akasema, "Kusubiri zamu ni kurefu."

Nikamwambia, "Hujauelewa mchezo."

Side akasema, "Hii namba ya bahati haina kazi."

Nikamwambia, "Itakuwa na kazi mbele."

"Mbele wapi? Sie hatujawahi kufika mbele!"

Wote walicheka, na mie nikacheka, nikidhani ni utani. Mwanangu, mtu akikutania kitu kilekile mara tatu, hatanii tena.

Wakati huohuo nilikuwa nimejitia kitanzi. Mwalimu wetu wa jiografia alisikia habari za mchezo, akapenda, akanipa meza kwenye siku ya wazazi, katikati ya ramani za udongo na vikapu vya wasichana. Akasema, "Kwa sharti. Uchezwe mbele ya watu, na wachezaji wanaoujua, mpaka mwisho. Sitaki maelezo, nataka kuona lori linafika." Nikamjibu, "Mwalimu, andaa makofi." Nikatangaza shule nzima. Nilimwambia hadi mpishi wa shule. Mtu anayefanyia utani kila mwenzake, akijitangaza hivyo halafu akaanguka, unajua atachekwa namna gani? Walikuwa wananisubiri kama mafundi wanaosubiri chapati.

Jumamosi ya tano Side hakuja, tukafia Chalinze bila yeye. Katumwa mashineni kusagisha, akasema. Jumamosi ya sita akawa katumwa tena mashineni, na nyumba yao ni ya watu wanne, sijui walikuwa wanakula unga wa jeshi. Baadaye nilijua mashine yenyewe ilikuwa kibanda cha video, anatazama karate. Hiyo ya sita akaja mwishoni tu, tukacheza nusu saa, tukafika Chalinze, nikaona kasoro, nikanyoosha mkono nikusanye kadi.

Khadija akafunika yake kwa kiganja. "Hii usichane. Nipe nikae nayo."

"Sheria zinabadilika, Khadija. Huyo bi kizee wako hatafaa."

"Nimesema nipe."

Mie, mwanangu, nikaona ndipo pa kuchekesha watu. Nikaichomoa chini ya kiganja chake, nikaichana vipande vinne, nikasema, "Marehemu bi kizee, ametutangulia." Side akaguna. Ponsi akatazama chini.

Khadija hakupaza sauti. Akasema, "Nimezaliwa mara sita, na mara sita nimefia Chalinze. Na sanduku langu hujawahi kuniuliza mara ya pili." Akavaa ndala zake, akaondoka. Ponsi akakunja mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamfuata. Side akasema ana safari ya mashineni.

Na hiyo iliyofuata ndiyo Jumamosi niliyokutajia, ya kuku. Zilibaki wiki tatu kufika siku ya wazazi.

Bi Mwanaidi alikuwa ndani anashona, ananiona dirishani. Akaendelea kushona mpaka mteja wake akafika, mama mmoja mnene mwenye haraka, amekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Bi Mwanaidi akaniita.

"We Dereva, hebu njoo hapa mlangoni. Tazama kule ukutani ukitaka heshima, lakini masikio lete huku."

Nikasimama nimewapa mgongo. Kabla mama yule hajalivaa gauni, namsikia Bi Mwanaidi anasema, "Mara ile ulisema kwapa linabana. Shika hapa. Umeona? Nimeongeza kipande. Na ulisema shingo iko wazi mno, nimeipandisha kidole kimoja. Sasa vaa uniambie tena."

Mama akavaa, akaanza kutoa kasoro: kiuno, mikono, pindo. Mie pale ukutani masikio yamenipanda moto kwa niaba ya Bi Mwanaidi. Nikamngoja amwambie hujaelewa gauni. Bi Mwanaidi anaitikia tu, "Ehe. Ehe. Wapi tena?" huku anachomeka pini. Na yule mama mwenye haraka hakuwa na haraka tena. Alikaa, akanywa maji, akasema kesho atamleta na dada yake.

Alipotoka, Bi Mwanaidi akakaa kwenye cherehani lake akaniangalia juu ya miwani.

"Kaja mara ngapi huyo?"

"Sijui, Bi Mwanaidi."

"Hii ya tatu. Na atakuja ya nne. Unajua kwa nini anakuja? Si kwamba anapenda kuchomwa na pini. Akija anakuta neno lake limeshonwa ndani ya nguo. Sasa wewe wenzio wamekuja mara sita, kila wakija wanakuta jora jipya. Kwapa likibana mie nafumua kwapa. Wewe unalichoma gauni zima, halafu unamwambia mwenye mwili hajaelewa." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na hao hata nguo hawapati. Wamekuja kukuazima miili yao bure. Mtu kama huyo unamchania kadi ukimcheka?"

Nikaokota pini iliyoanguka, nikamrudishia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umeshaniamkia asubuhi. Nenda kwa wenzio."

Nikaenda. Lakini kabla ya kwenda nilikaa na kauntabuku mpaka adhuhuri, nikafanya kazi moja tu: nikatafuta kila neno walilowahi kuniambia. Zamu ndefu: nikaandika kwamba anayesubiri zamu anaweza kumsaidia mwenzake, anamwongezea moja kwenye dadu. Pembeni nikaandika *Ponsi*. Bahati haina kazi: nikaandika kwamba bahati inakuruhusu kurusha dadu mara ya pili. Pembeni *Side*. Geti la Chalinze nikaliacha kama lilivyokuwa Jumamosi ya kwanza, lile lililofunguka kwa maneno matamu. Halikuwa na kasoro, mwanangu. Kasoro ilikuwa mie kuumia kwamba mtu amenishinda.

Ponsi nilimkuta kwa baba yake anapiga msasa kinyago. Nikamwonyesha ukurasa. Alisoma jina lake pale pembeni, akapuliza vumbi, akasema, "Kumbe ulisikia." Hiyo kwa Ponsi ni hotuba. Side nilimfuata kibanda cha video, nikamtoa katikati ya karate, akalalamika, akasoma, akalalamika kwamba jina lake limeandikwa dogo kuliko la Ponsi. Nikajua amerudi.

Khadija alikuwa anafua nyumbani kwao. Nikamwamkia mama yake, nikasimama mbali kidogo na beseni, kwa usalama.

"Umekuja kuchana khanga?" akaniuliza.

"Nimekuja kuomba radhi. Kadi yako nilikosea kuichana. Na kuicheka nilikosea zaidi."

Akakamua nguo, akaianika, akachukua nyingine. "Endelea, naona unaumia vizuri."

"Naomba urudi. Nitakuandikia kadi nyingine, na bi kizee wako uliyemtaka, na namba zote utakazo."

"Kadi yangu ninayo," akasema. Nikadhani ametengeneza nyingine. "Nitarudi, lakini tunaanzia Chalinze. Ubungo sitaki kuiona tena. Tunaanzia geti limeshafunguka."

Basi tukaondoka Chalinze, mwanangu! Laiti ungekuwepo. Ponsi alileta kilori kidogo cha mpingo alichochonga kwa mabaki ya baba yake, hata magurudumu yanazunguka. Tukapita Morogoro, simba wakatukimbiza, Side akawapikia simba. Tukafika Dodoma tumefunikwa vumbi. Mchezo ukipamba moto kabisa, mie nafunga kauntabuku: "Tutaendelea Jumamosi." Wananitukana, wananirushia ndala, na Jumamosi wanafika kabla yangu. Kabla ya kuanza nawaonyesha: wewe ulisema hiki, tazama hapa. Khadija alikuwa anakuja na boksi la majani ya chai alilolifunga kwa kipande cha khanga, analiweka mapajani; kadi yake imo humo, haitoi, namba zake anazitaja kwa kichwa tu. Hilo ndilo sanduku. Nilimuuliza mara ya pili, na ya tatu. "Likifika wakati," akasema.

Sasa, mzee wako ana kichwa kigumu. Mambo yote tuliyajaribu isipokuwa moja. Tope la mwisho, kabla tu ya Mwanza, niliwaficha. Nilitaka liwe la kushtukiza siku ya wazazi. Unaona? Nimefundishwa, nimeelewa, nimeomba radhi, na bado nikaweka kipande ambacho hakuna mwili uliokijaribu.

Siku ya wazazi darasa lilijaa. Wazazi, walimu, mkuu wa shule, Bi Mwanaidi amekaa mbele na miwani yake, na mjomba wangu utingo amesimama nyuma anawaambia watu kwamba yeye ndiye lori. Mchezo ulienda kama moto wa makuti. Watu waliacha vikapu na ramani za udongo wakatuzunguka. Nikafika kwenye tope. Nikasema kwa sauti nzito, "Lori limenasa. Kulitoa, mnasukuma wote. Tope linataka nguvu arobaini."

Ponsi ana nguvu saba. Side tano. Bi kizee wa Khadija mbili. Jumla kumi na nne, na kila mmoja anarusha dadu lake aongeze. Wakarusha. Wakapata ishirini na tano.

Mjomba akapiga hesabu kwa sauti kule nyuma. "We mpwa wangu, hata wakipata sita zote watatu hawafiki arobaini! Hilo lori litaozea hapo!"

Darasa likacheka. Mwalimu wa jiografia akanitazama. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza: mjomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesema kweli. Nililiwekea lori langu tope lisilotoka.

"Dereva," Khadija akasema. "Nafungua sanduku."

Akafungua kile kipande cha khanga, akainamisha boksi, na kadi zikamwagika mezani. Kadi zangu, mwanangu. Zile nilizochana. Zote kumi na saba za Jumamosi sita, maana moja Side hakuwepo, zimeungwa kipande kwa kipande kwa gundi ya uji, mistari ya mipasuko inaonekana. Mpishi. Mchonga vinyago. Bi kizee, bi kizee, bi kizee. Bi Mwanaidi alikuwa hatupi vitambaa vya chini na vipande vya kadi vilikuwa vikichanganyika humohumo guniani, Khadija akaenda kuviokota.

"Hawa ni abiria waliobaki Chalinze," Khadija akasema. "Wamekuwa wanatufuata kwa miguu toka siku ile. Ndio wanafika sasa. Wanasukuma na sie."

Nikafungua kauntabuku, natafuta sheria. Hakuna sheria hiyo. Sikuwahi kuandika kwamba mtu aliyechanwa anaweza kurudi. Kinywani nilikuwa nalo lile neno langu, hujauelewa mchezo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwona Bi Mwanaidi ameinua nyusi, anangoja, kama aliyeshika pini.

"Ehe," nikasema. "Wapi tena?"

Khadija akatabasamu. "Hapo tu. Hesabu."

"Basi sukumeni!"

Side akazitazama zile kadi, akaruka. "Bi vizee sita, kila mmoja na sanduku lake? Ndiyo maana lori limenasa!"

Darasa zima lilipasuka. Mkuu wa shule akatoa kitambaa kujifuta machozi. Mjomba akaja mbele mwenyewe kuhesabu nguvu, kadi moja baada ya nyingine, watu wakaitikia namba kwa pamoja, na tulipopita arobaini watu wakaendelea tu kuhesabu. Ponsi akakisukuma kilori cha mpingo kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza, akasema neno lake moja la siku hiyo: "Mwanza."

Usiku huo niliandika sheria ya mwisho ya kauntabuku, na pembeni nikaandika *Khadija*, kwa herufi kubwa kuliko za Side, ambaye hajanisamehe.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, maana umevumilia. Atakayekuja kujaribu mchezo wako amekupa Jumamosi yake, na hatarudishiwa. Kitu cha kwanza akikaa, mwonyeshe neno lake la wiki iliyopita liko wapi. Akikuambia panabana, usimfundishe mwili wake. Fumua pale panapobana, penginepo paache, na mtu aliyejitungia umwache aishi. Kama bado una kitu umewaficha ili uwashtukize, kijaribu nao kwanza, maana atakayeshtuka ni wewe. Funga kauntabuku wakati bado wanataka. Na ukijisikia unataka kuchekesha watu kwa kitu cha mwenzako, jing'ate ulimi, hata kama utani wenyewe ni mzuri. Mie najua, ni mzuri kila mara.

Kurasa zilizo wazi huko nyuma ni zako. Zile kadi kumi na saba ziko kwenye boksi la chai, usizitie maji. Mwenyezi Mungu akupe wachezaji wabishi na masikio ya kuwavumilia, akufungulie kila geti, na siku lori lako likinasa, akukutanishe na wale uliowaacha nyuma, wakiwa bado wanakuja.